Alama ya kuzaliwa juu ya jicho la mtoto: namna ya kuikagua, na pa kwenda ukiwa Bagamoyo

Kabla ya jambo lolote, mfute mtoto wanja. Huku kwetu mtoto hajamaliza hata wiki keshachorwa nyusi, kapakwa kope, na katikati ya paji la uso katiwa duara kubwa jeusi ili jicho la hasidi likipita liishie hapo. Sina ugomvi na wanja wa bibi, hata mimi nilipakwa. Ila sehemu hiyo hiyo inayopakwa wanja, paji la uso na kope la juu, ndiyo mtu wa afya anayotaka kuiona kuliko sehemu nyingine yoyote ya ngozi ya mtoto. Nimepokea kliniki watoto ambao mama zao waliapa hawana alama. Tukapitisha pamba yenye mafuta ya nazi, wanja ukatoka, doa likabaki.

Mimi ni mkunga mstaafu, nakaa Magomeni ya hapa Bagamoyo. Siku hizi wanaonigongea mlango hawaji kujifungua, wanakuja na mtoto kifuani na swali: "Mama, hii nyekundu itaondoka?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na wanarudi nyumbani kwa amani. Mara chache jibu ni hapana, na hapo kuna mambo ya kufanya ambayo hayasubiri arobaini iishe. Naandika kwa ajili ya hao wachache, pamoja na bibi zao, maana najua nani huamua mtoto atoke nje au asitoke.

Kumkagua

Mtoe kibarazani asubuhi, kivulini. Taa ya sola inadanganya, na jua kali nalo humfanya akunje uso. Awe ameshiba na ametulia, kwa sababu mtoto akilia kila doa usoni huwaka na utashtuka bure. Muangalie paji la uso, kope zote mbili akiwa amefumba macho, mashavu, midomo, kisha mgeuze uangalie kisogo. Halafu bonyeza alama kwa kidole chako, uachie, utazame.

Utakuta mojawapo ya haya.

Baka la bluu au kijivu mgongoni na matakoni. Watoto wetu wengi wanalo. Ndugu hudhani mkunga kamfinya. Halina neno, litafifia lenyewe.

Wekundu mwepesi katikati ya paji la uso, kwenye kope zote mbili, au kisogoni chini ya nywele. Ukibonyeza unapotea, akilia unarudi. Ule wa usoni huondoka katika mwaka mmoja au miwili, wa kisogoni unaweza kukaa zaidi. Nao hauna neno.

Uvimbe mwekundu ambao siku ya kuzaliwa haukuwepo, au ulikuwa kijidoa tu, kisha wiki za mwanzo ukaanza kuvimba. Huo madaktari huuita hemanjioma. Hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Mdogo wa begani au tumboni haukimbizwi. Mkubwa wa usoni una habari yake, nitaufikia.

Na la nne ndilo lililonifanya niandike: doa lililo bapa, halijainuka, lipo tangu dakika aliyozaliwa, lina mpaka unaoonekana, na mara nyingi limekaa upande mmoja wa uso kana kwamba limeogopa kuvuka katikati. Kwa mtoto mweupe ni rangi ya juisi ya rosela. Kwa mtoto mweusi, na hapa wengi hukosea, halionekani jekundu kabisa. Ni weusi ulioiva kuelekea zambarau, na mtu akiangalia haraka atasema ni kivuli. Linganisha nusu moja ya uso na nyingine. Doa hili halifutiki. Litakua kadiri mtoto anavyokua, na miaka ikienda linaweza kukoza na kunenepa.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, kama 3 huwa nalo mahali fulani mwilini, na wengi wao ubongo wao hauna tatizo lolote. Kinachobadilisha hesabu ni mahali lilipokaa. Likiwa shavuni tu, taya tu au mkononi, wasiwasi wa ubongo ni mdogo. Likigusa paji la uso au kope la juu, jicho na ubongo huingia kwenye mazungumzo, na likigusa paji lote au pande zote mbili, wasiwasi unaongezeka. Ndiyo maana nimeanza na wanja.

Kwa nini ngozi ya paji iwe na habari za ubongo

Mtoto akiwa tumboni, wiki za mwanzo kabisa, chembechembe zitakazotengeneza mishipa midogo ya damu ya paji la uso zinakaa jirani na zile za utando unaofunika ubongo. Chembe moja ikipata hitilafu wakati huo, uzao wake unasambaa kwenye majirani wote: ngozi, jicho, utando wa ubongo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliipata hitilafu yenyewe, ipo katika jini iitwayo GNAQ. Inatokea baada ya mimba kutungwa, katika sehemu tu ya mwili, na hairithiwi. Mama hakuitoa kwao wala baba hakuitoa kwao. Haikuletwa na kupatwa kwa mwezi, wala na chakula ulichotamani ukanyimwa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona ndoa ikiyumba kwa doa la usoni.

Ugonjwa wenye mambo haya matatu, ngozi, jicho na ubongo, unaitwa sindromu ya Sturge-Weber. William Allen Sturge alikuwa daktari wa London aliyeeleza mwaka 1879 habari za msichana mdogo mwenye doa usoni na kifafa cha upande wa pili wa mwili, akasema wazi kwamba anadhani ubongo nao una doa kama la uso. Hakuwa na mashine yoyote ya kumwonyesha ndani ya fuvu, na alikuwa sahihi. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 50,000, kwa hiyo muuguzi anaweza kufanya kazi maisha yake yote akakutana na wachache mno. Uchache huo ndio unaofanya aambiwe "ni alama tu, nenda."

Kinachotokea kule juu ni kwamba mishipa midogo iliyozidi kwenye utando wa ubongo inashika damu, na vena za kuitoa hazitoshi. Damu inazubaa. Ubongo ulio chini yake unakosa hewa safi kidogo kidogo, unasinyaa, na baada ya muda chokaa inajijenga humo. Mara nyingi ni upande ule ule wenye doa. Na kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoongoza nusu ya kulia ya mwili, doa likiwa kushoto, udhaifu utautafuta kulia.

Mambo ya kuyavizia nyumbani

Anza na jicho, kwa sababu ndilo linaloharibika kimya. Doa likiwa kwenye kope, maji ya ndani ya jicho yanaweza kushindwa kutoka, presha ya jicho ikapanda na kuua mshipa wa kuona. Mtu mzima angelalamika. Mtoto wa miezi miwili hana namna. Utaona jicho moja kubwa kuliko jingine, na hapa nina la kusema: watu hulisifia. "Mashallah, jicho hilo!" Jicho moja la mtoto kuwa kubwa kuliko mwenzake si uzuri wa kusifiwa, ni kwenda hospitali. Utaona pia machozi yasiyokwisha, mboni yenye ukungu, mtoto anayeficha uso kila ukitoka naye nje. Ila usisubiri haya. Mwenye doa kwenye kope au paji apimwe presha ya jicho wiki za mwanzo za maisha hata kama macho yake ni maangavu.

La pili ni degedege. Najua namwandikia nani, kwa hiyo niseme kwa uwazi. Degedege la homa, lile la malaria, linajulikana: mwili wa moto, macho yanageuka, mwili wote unakakamaa na kutetemeka, na kwa kawaida linawapata watoto kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. La mtoto mwenye doa hili huwa na sura nyingine. Mara nyingi linaanza upande mmoja. Mkono mmoja unaruka-ruka, kona ya mdomo inavutwa, macho yanaenda upande mmoja na kubaki huko. Huenda mwili hauna joto kabisa. Huenda hatetemeki, anaganda tu kwa sekunde kadhaa, analegea, anapauka. Wengi ambao ubongo wao umeguswa hupata kifafa, na wengi wa hao huanza kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo doa juu ya jicho pamoja na degedege lisilo na homa, ni siku ile ile hospitali. Na mtoto yeyote wa chini ya miezi sita akipata degedege, awe na homa au asiwe nayo, awe na doa au asiwe nalo, ni siku ile ile pia. Huko watampima malaria kwanza, na ni sawa, waache wapime.

Likimpata nyumbani: mlaze ubavu kwenye mkeka, mbali na jiko. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala dawa ya kunywa, wala maji. Usimmwagie maji ya baridi. Moshi wa mavi ya tembo hauna kazi hapa isipokuwa kumnyima pumzi mtoto ambaye tayari hana ya kutosha. Angalia saa. Likifika dakika tano halijakoma, au likikoma na kurudi kabla hajazinduka, mbebe, pikipiki, twende. Kuna imani ambayo nimeikuta nyumba nyingi za wilaya hii, kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Waliokufa baada ya sindano walikuwa wamefikishwa alfajiri baada ya usiku mzima wa moshi. Dawa ya kukata degedege inaweza hata kupitishwa njia ya haja kubwa bila sindano, kwa hiyo bibi asiseme hapana kabla ya kuuliza.

Na mtu mwingine, si wewe uliyemshika, achukue simu arekodi. Video ya nusu dakika inayoonyesha uso, mikono yote miwili na miguu inamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima. Sema kwa sauti ndani ya video: "mkono wa kulia ndio unaocheza."

La tatu ni mkono. Mama mmoja anayekaanga samaki pale sokoni alinijia na mtoto wa miezi minane mwenye doa juu ya jicho la kushoto. Hakuja kwa ajili ya doa, zahanati walishamwambia ni alama tu. Alikuja kwa sababu mama mkwe wake analalamika kwamba mjukuu ni wa mashoto, na ameanza kumfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ili azoee wa kulia. Nilimfungua, nikamkalisha mkekani, nikaweka kijiko upande wa kulia kabisa. Mtoto alijipinda kiuno kizima, akavusha mkono wa kushoto mbele ya kifua, akakichukua. Ngumi ya kulia ilibaki imefumbwa, kidole gumba kimekunjiwa ndani.

Kabla ya kutimiza mwaka mtoto hachagui mkono. Anatumia wowote ulio karibu. Akishachagua mapema, tatizo halipo kwenye mkono anaoutumia, lipo kwenye ule anaouacha. Jaribio la kijiko lifanye mwenyewe kuanzia miezi sita, upande huu na upande ule, kila mwezi. Yule mtoto alifika Muhimbili, akapigwa picha, sasa yuko kwenye dawa na mazoezi ya viungo, na kanga imerudi kuwa kanga.

Uvimbe mkubwa wa usoni

Nilisema nitarudi kwenye hemanjioma. Ikiwa ni kubwa, zaidi ya sentimita 5, imetanda kwenye paji, kipanda uso au taya, isichukuliwe kama kile kijiuvimbe cha begani. Baadhi ya watoto hawa, wasichana zaidi ya wavulana, wana kundi la matatizo linaloitwa PHACE: sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayosimamia mizani ya mwili, haikuumbika sawasawa, ateri za shingoni na kichwani, yaani mishipa inayopeleka damu, ni nyembamba, zimepinda au hazipo, mshipa mkuu wa moyo umebanwa, macho nayo yanaweza kuguswa. Ngozi ndiyo inayotoa taarifa, mengine yamefichika.

Kwa mtoto kama huyu omba asikilizwe moyo, apapaswe mapigo ya damu kwenye nyonga, kisha apewe rufaa apigwe ultrasaundi ya moyo na picha ya MRI ya kichwa na shingo inayoonyesha mishipa. Kwa moyo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko pale pale Muhimbili, na hilo jina mtu wa pande hizi halisahau, mwenyewe ni wa Msoga. Uvimbe ukiwa eneo la ndevu, shingoni au kidevuni, na mtoto anakoroma akivuta pumzi, ni dharura, kwa sababu unaweza kuwepo pia kooni.

Dawa ya hemanjioma ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi propranolol, dawa ya zamani ya moyo na presha, ilivyousinyaza uvimbe huu kwa watoto waliokuwa wamepewa kwa sababu nyingine. Ni dawa rahisi na inapatikana, na ndipo hatari ilipo: watu hununua dukani na kuivunja vipande. Inashusha sukari na mapigo ya moyo ya mtoto mchanga, na kwa mwenye ateri nyembamba kichwani, presha ikishuka ghafla ubongo unaweza kukosa damu. Daktari ndiye aianze, baada ya kuangalia mishipa.

Kichwa kinachokua haraka

Kuna hitilafu nyingine ya mishipa ambayo ngozini haina doa kabisa. Katikati ya ubongo panapita vena kubwa yenye jina la Galen, yule tabibu wa kale. Mtoto akiwa tumboni, ateri zinaweza kumwaga damu moja kwa moja kwenye mshipa wa eneo hilo bila kupitia mishipa midogo. Mshipa unavimba, na moyo unalazimika kusukuma damu nyingi mno kwa kazi isiyo na faida. Mtoto mchanga anahema haraka, anatoka jasho akinyonya, anachoka kabla ya kushiba, na watu wote wanatafuta tundu kwenye moyo. Asiyeugua moyo mapema anaweza kuonekana baadaye kwa kichwa kikubwa na mishipa iliyotokeza kwenye ngozi ya kichwa.

Kwa hiyo pima kichwa. Tumia tepe isiyovutika. Ile ya fundi cherehani iliyochakaa inaongeza na kupunguza inavyotaka. Fumua mabutu. Pitisha juu tu ya nyusi, juu ya masikio, mpaka sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika kubwa kuliko zote. Wengi huzaliwa na kama sentimita 35. Miezi mitatu ya kwanza huongeza kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata kama 1, na baada ya hapo nusu. Kipimo kimoja hakina maana kubwa. Mwendo ndio wenye maana, kwa hiyo andika kwenye kadi ya kliniki na tarehe yake. Mwenye mwendo wa kasi, au utosi uliojaa na kukaza akiwa amekaa na halii, aende.

Neno kwa wauguzi vijana: ukimshuku mtoto wa namna hii, weka stetoskopu juu ya utosi na usikilize. Mvumo peke yake haukupi jibu, maana hata watoto wazima huwa nao, lakini mvumo, kichwa kinachokua na mtoto anayehema ni barua ya rufaa inayojiandika. Na kabla mtoto wa kichwa kikubwa hajawekewa mpira wa kutoa maji, apigwe ultrasaundi kupitia utosi, yenye uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu. Wengi maji ndiyo shida yao na mpira unawaokoa. Mwenye mshipa wa Galen, mpira unaweza kumdhuru. Tiba yake ni kuziba ile mishipa kwa mrija mwembamba unaoingizwa kupitia nyonga, kazi ya mabingwa wachache.

Safari ya Dar

Anza Hospitali ya Wilaya uchukue barua ya rufaa. Njia rasmi hupitia Tumbi, Kibaha, lakini mweleze daktari hali ilivyo, anaweza kuandika moja kwa moja Muhimbili. Kwa ubongo utaelekezwa kliniki ya watoto ya mishipa ya fahamu au MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo, zote ziko Upanga ndani ya eneo moja. Kwa jicho, Muhimbili wana idara yao, na hospitali ya CCBRT pale Msasani ni hodari wa macho ya watoto. Daladala za Makumbusho zinaanza alfajiri. Ukiondoka saa mbili asubuhi Tegeta itakula nusu ya siku yako.

Beba kadi ya kliniki, barua, video, na picha ya doa uliyopiga mchana, bila wanja na bila vipodozi vya simu. Sema maneno haya bila kuona haya: "Doa liko paji la uso na kope la juu. Naomba apimwe presha ya jicho, na niandikiwe mpango wa ubongo." Daktari mzuri hatakasirika.

Kuhusu picha. MRI ndiyo inayoonyesha mishipa ya utando wa ubongo, na ni lazima wachome dawa ya kung'arisha mishipa. Bila hiyo tatizo linaweza kupita bila kuonekana. Mtoto mdogo atalazwa usingizi, kwa hiyo uliza siku moja kabla ni saa ngapi aache kunyonya, ufuate hivyo hivyo. Ikifanywa mapema sana inaweza kuonekana safi huku tatizo lipo. Majibu mazuri ya mwezi wa kwanza yasikufanye uache kuvizia, na uliza kama irudiwe, na lini.

Gharama ni mwiba. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bure katika vituo vya serikali, lakini vipimo vikubwa hukutana na dirisha la malipo. Kabla ya kukopa au kuuza kitu, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo na barua yako. Wapo kwa kazi hiyo.

Ukishajua

Dawa za kifafa, fenobabitoni, kabamazepini au nyingine, hutolewa kwa uzito, na mtoto anaongezeka uzito. Dozi ya Ramadhani iliyopita si ya Ramadhani hii. Zisikatike hata siku moja. Nunua chupa mpya ile ya zamani ikiwa na wiki nzima ndani. Wengi ninaowaona wakirudiwa na degedege dawa haikuwashinda, iliwaishia siku ya mvua. Baadhi ya madaktari huongeza aspirini kwa kiasi kidogo sana ili damu isigande kwenye mishipa iliyozubaa. Hiyo usiianze mwenyewe hata punje. Dawa zikishindwa kabisa, upo upasuaji, na mabingwa ndio wa kuuzungumza.

Homa na kukaukiwa maji ni maadui wa mtoto huyu kuliko wa jirani yake. Vinaweza kuleta degedege, au mkono ukalegea ghafla kwa masaa au siku. Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi mapema. Akiwa na joto, mshushe joto na apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akianguka na kugonga kichwa hata kidogo, mtazame usiku wote.

Doa lenyewe liache. Mkorogo, dawa ya meno, mafuta ya nyonyo, hakuna kinachofika kwenye mishipa hiyo. Nimeona ngozi iliyoungua juu ya doa lililobaki pale pale. Kuna tiba ya mionzi ya leza inayolififisha, ila ni ghali na kwa ngozi nyeusi inahitaji mkono wa anayeijua, isije ikaacha mabaka. Akienda shule, mwalimu aambiwe kwa mdomo wako mwenyewe doa ni nini na degedege likija afanye nini, kabla watoto wenzake hawajampa jina.

Ukitaka kuzaa tena, zaa. Kwa kuwa hitilafu hairithiwi, anayefuata hana hatari kuliko mtoto wa mtu mwingine yeyote.

Na jicho liendelee kupimwa: kila baada ya miezi michache katika miaka ya mwanzo, kisha angalau mara moja kwa mwaka, hata akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, kwa sababu presha ya jicho inaweza kumngoja mpaka ujanani.